Habari za Wapigapicha wa Ridhaa na Nasaha Walizopeana

Sanaa ya kupiga picha, tofauti na sanaa nyingi zilizolelewa katika mahekalu au katika mabaraza ya wafalme, ilizaliwa mikononi mwa watu waliokuwa na kazi nyingine za kuwapa riziki, au waliokuwa na mali ya kutosha hata wasihitaji kazi yoyote; na kwa muda mrefu hatua zake kubwa zilipigwa na wapigapicha wa ridhaa, yaani watu waliopiga picha kwa mapenzi yao tu, wasiotazamia ujira, na ambao kwa sababu hiyo hawakuwa na mteja wa kuwaambia kwamba kazi imependeza au haikupendeza. Mfua fedha huijua thamani ya bangili yake siku anapoipeleka sokoni. Wao iliwalazimu kuulizana wenyewe kwa wenyewe. Habari ninayokusudia kuisimulia ni habari ya kuulizana huko: jinsi watu walivyoonyeshana picha na kuambiana ukweli pasipo kuvunjana moyo, na jinsi ukweli huo ulivyoingia doa kila alipotokea mtu wa kuwahukumu wenziwe ilhali kazi yake mwenyewe haikuwekwa mezani.

Mwezi wa Januari 1839 zilitoka habari Paris kwamba Louis Daguerre amepata njia ya kunasa sura za vitu juu ya bamba la shaba lililopakwa fedha. Habari hizo zilimtia fadhaa kubwa William Henry Fox Talbot, bwana wa jumba la kale la Lacock katika jimbo la Wiltshire, kwa maana yeye naye kwa muda wa miaka mitano hivi alikuwa akifanya majaribio ya namna hiyo juu ya karatasi, ila hakuwa amemtangazia mtu neno. Akafanya haraka kuzionyesha karatasi zake London kabla mwezi ule haujakwisha. Wakati huohuo Sir John Herschel, mwanafalaki mashuhuri, aliyekuwa amerejea mwaka uliotangulia kutoka Rasi ya Tumaini Jema, ambako kwa miaka minne alikuwa akizichungua nyota za kusini, alipata kusikia kwamba jambo hilo limewezekana. Na pasipo kuambiwa siri ya Daguerre wala ya Talbot, aliingia katika maabara yake huko Slough, na siku chache baadaye akawa amekwisha kupata picha zake mwenyewe.

Tarehe 1 Februari Talbot alimwendea. Mgeni alikuwa na shida moja iliyomsumbua siku nyingi, nayo ni kwamba picha zake hazikutulia: chumvi ya kawaida aliyoitumia kuzituliza haikuiondoa kabisa dawa ambayo mwanga haujaigusa, na kila picha ilipotolewa nje kutazamwa iliendelea kubadilika mbele ya macho ya watazamaji. Herschel alikuwa amegundua tangu 1819 kwamba ile dawa ambayo mafundi wa chumba cha giza huiita hipo huyeyusha chumvi za fedha, na kwa miaka 20 ugunduzi huo ulikaa bila ya kazi kubwa; siku ile alimwonyesha mgeni wake jinsi ya kuiosha picha kwa hipo hata ikatulia, wala hakumficha kitu, wala hakuandika mkataba, wala hakuomba kutajwa. Hadi leo, popote panapobaki chumba cha giza na beseni zake, picha hutulizwa kwa njia ile ile.

Lakini fadhila haikuwa katika kutoa tu. Mwezi wa Mei mwaka ule Herschel alikwenda Paris, akayaona mabamba ya Daguerre kwa macho yake, na mnamo tarehe 9 akamwandikia Talbot barua ambayo kila mtu anayeombwa kutoa maoni juu ya kazi ya rafiki ingemfaa kuifikiri. Hakumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Alimwambia waziwazi kwamba kazi ya yule Mfaransa ni muujiza, kwamba imepita yote ambayo yeye angaliweza kuyawazia, kwamba kila mstari na kila kivuli kimekaa mahali pake kwa namna isiyosemeka; na baada ya kumwambia hayo, akamhimiza aache shughuli zake, apande chombo, aende akajionee. Angeweza kunyamaza, maana katika mashindano ya mataifa mawili yasiyopendana sana, kunyamaza kungeitwa uungwana. Au angeweza kumtuliza sahibu yake kwa kumwambia kwamba karatasi ni nyepesi kuliko shaba na kwamba siku zake zitafika. Alichagua kumwumiza kidogo kwa jambo la kweli, na Talbot, ambaye hakuwa mtu mwepesi wa kusamehe, hakuuvunja urafiki. Alirudi kwenye majaribio yake, na mwezi wa Septemba 1840 akagundua kwamba mwanga ukiigusa karatasi kwa muda mfupi tu huacha humo alama isiyoonekana, ambayo dawa huweza kuifichua baadaye. Na ugunduzi huo, uliopewa jina la kalotaipu, ndio uliompa njia nyepesi ya kuchapa nakala nyingi kutokana na picha moja, jambo ambalo bamba la Daguerre halikuliweza kamwe.

Mambo yaliyofuata hayafurahishi sana kuyasimulia. Yule aliyepewa hipo bure aliikatia kalotaipu hataza mwezi wa Februari 1841, na katika Uingereza mtu yeyote aliyetaka kuitumia ilimpasa kupata idhini na kulipa. Wako wanaomtetea, na hoja zao si dhaifu, kwa sababu majaribio yalimgharimu fedha nyingi. Walakini matokeo yake yalikuwa dhahiri, kwamba nchi alikozaliwa Talbot ilizubaa miaka kumi, ilhali Uskochi, ambako hataza ile haikufika, ilichangamka. Sir David Brewster wa St Andrews, aliyekuwa akiandikiana barua na Talbot, aliwafundisha njia hiyo jamaa zake, na haukupita muda mrefu mjini Edinburgh wakakusanyika mabwana kadhaa, aghalabu yao mawakili na watu wa mahakama, wakafanya chama kidogo cha kalotaipu. Hawakuwa na jengo wala gazeti. Walikutana majumbani kwa zamu, wakala, wakatoa karatasi zao mifukoni, wakazipitisha mkono kwa mkono. Picha zao zimebaki katika albamu mbili, na anayezifunua ataona kwamba nyingine zimeungua kwa mwanga, nyingine zina mawaa ya dawa, na watu wengine ndani yake wametikisika hata nyuso zao zimekuwa moshi. Nazo zote zilihifadhiwa. Mimi hupenda kufikiri kwamba katika kikao cha watu walioviunguza vidole vyao kwa dawa ileile, picha iliyoharibika hufundisha zaidi kuliko iliyofana, kwa kuwa kila mmoja huweza kutaja mahali alipoangukia yeye.

Mwaka 1852, baada ya watu wakubwa kumwomba hadharani, Talbot aliwalegezea masharti wapigapicha wa ridhaa, na tarehe 20 Januari 1853 ikaundwa London jumuiya ya wapigapicha, Sir Charles Eastlake akiwa rais wake wa kwanza na Roger Fenton katibu. Jumuiya hiyo ilikuwa na heshima yake, na mikutano, na jarida. Lakini jambo lililo karibu zaidi na habari yetu lilifanywa pembeni mwake, na kikundi kidogo cha watu walioanzisha chama cha kubadilishana picha. Kila mwanachama alitakiwa kuchapa nakala za kutosha za kazi yake aliyoiona bora na kuwapelekea wenzake wote, naye apokee zao, hata mwisho kila mmoja akawa na albamu iliyotimia. Na picha zilifuatana na maelezo ya namna zilivyopatikana, lenzi gani na dawa gani. Albamu za 1855 na 1857 zingalipo. Utaona hapa kanuni ambayo haikuandikwa katika katiba yoyote lakini ilitawala: hakuna aliyekuwa na haki ya kuitazama kazi ya mwenziwe ila yule ambaye kazi yake ilikuwa katika posta inakwenda kutazamwa.

Marekani nao walikuwa na chama cha aina hiyo, kilichoanzishwa mwishoni mwa 1861, wakati nchi yenyewe ilikuwa imekwisha kuingia vitani ndugu kwa ndugu. Henry T. Anthony wa New York alikuwa rais. Coleman Sellers, mhandisi wa Philadelphia, alikuwa miongoni mwa wanachama wake hodari. Na picha walizopelekeana kila baada ya miezi miwili zilikuwa zile za mapacha, ambazo hutazamwa kwa chombo chenye vioo viwili hata milima ikasimama na miti ikatengana. Nyuma ya kadi waliandika mambo yaliyowashughulisha: saa ya mchana, hali ya mawingu, dawa. Chama hakikuishi zaidi ya 1863, kwa sababu vita viliwatawanya watu na shughuli zikawazidi wengine, nami nakipita upesi ili nifike kwa mwanamke ambaye habari zake ni tamu zaidi.

Julia Margaret Cameron alizaliwa Calcutta mwaka 1815. Mnamo 1836, alipokuwa Rasi ya Tumaini Jema akitafuta afya, alikutana na Herschel, na urafiki uliofungwa huko kusini mwa Afrika haukufunguka mpaka kifo. Mwaka 1842, aliporudi kukaa Calcutta, Herschel alimpelekea kwa barua mifano ya picha za karatasi, za kwanza yeye kupata kuziona. Alizitazama, akazistaajabia, na miaka zaidi ya 20 ikapita kabla hajaishika kamera kwa mkono wake. Mwezi wa Desemba 1863, akiwa na umri wa miaka 48 na makao yake yakiwa Freshwater katika kisiwa cha Wight, binti yake na mkwewe walimpa kamera ili imwondolee upweke. Aligeuza ghala la makaa kuwa chumba cha giza na banda la kuku kuwa studio. Kuku, kwa maelezo yake mwenyewe, waliachiwa huru, na natumaini hawakuliwa. Januari ya 1864 haijakwisha, alikuwa amempiga picha mtoto aitwaye Annie, akaiandika kuwa ndiyo kufaulu kwake kwa kwanza, akaitoa hidaya kwa baba wa mtoto siku ileile.

Halafu akaanza kupeleka picha kwa Herschel. Mzee yule alikuwa amepita miaka 70, amestaafu katika nyumba yake ya Collingwood huko Kent, na barua aliyomjibu mwaka ule ina jambo ambalo mimi sikulitarajia nilipolisoma mara ya kwanza. Pamoja na kusifu, alimwonya juu ya mikono yake. Alikuwa amesikia kwamba bibi huyo huiosha picha kwa sianidi ya potasiamu, akaiacha sumu hiyo imwagike tele juu ya vidole vyake. Akamsihi aache, akamkumbusha hipo. Msomaji apime mwenyewe: mtu aliyeigundua hipo miaka 45 kabla, anaandika si kwa kujisifu, bali kwa kuogopa rafiki asije akadhurika. Nadhani ndipo mahali pa kuanzia kwa kila anayetaka kusema neno juu ya kazi ya mwingine, kwamba amtazame kwanza mtenda kazi, kama yu mzima.

Wengine hawakumtazama hivyo. Bi Cameron alijiunga na jumuiya ya London mwaka huohuo wa 1864 na akaweka picha zake katika maonyesho, na jarida la jumuiya likamwandama. Nyuso zake kubwa, zilizojaa karatasi nzima, zilikuwa na ukungu. Nywele zilififia, bega likapotea gizani, na juu ya vioo alivyopigia picha palikuwa na alama za vidole na mikwaruzo. Wahakiki walikiri kwamba ana ujasiri wa kubuni, wakasema ujasiri huo umenunuliwa kwa kupoteza kila sifa nyingine ya picha. Si kwamba walisema uwongo. Vioo vyake kweli vilikuwa vichafu, na hata muhibu wake mkubwa hawezi kukana. Kosa lao lilikuwa kupimia kwa kipimo kimoja tu, kipimo cha fundi anayehesabu majani ya mti, na pia, ikiwa nitasema kwa insafu yote, walikuwa wanaume waliozoea kumwona mwanamke wa makamo akipokea nasaha, si akianzisha njia.

Mwisho wa mwaka ule Bi Cameron alimwandikia Herschel akimuuliza, kwa ghaidhi iliyofichwa nusu, ni nani aliyepewa haki ya kuamua ulengaji upi wa lenzi ndio halali. Swali hilo hakulipeleka kwa jarida, alilipeleka kwa rafiki, kwa sababu kwa rafiki swali linaweza kukaa bila jibu na lisigeuke ugomvi. Na mwaka 1866 alipompelekea picha ya kichwa cha msichana, nywele zimefumuka na macho yakitazama mbele moja kwa moja, Herschel alimjibu kwamba kichwa hicho ki hai kabisa, kwamba kinajitokeza nje ya karatasi kuingia hewani, na kwamba huu sasa ni mtindo wake mwenyewe asiouazima kwa mtu. Zingatia kwamba hakusema tu kuwa picha ni nzuri. Alisema ni nini kinachotendeka ndani yake, akaeleza alichokiona mpaka mwenye picha akajua kwamba imeonwa. Na mtu aliyeelezwa hivyo hahitaji kuambiwa la kufanya kesho.

Bi Cameron alikuwa amemzawadia Herschel albamu ya picha zake mwezi wa Novemba 1864. Mwaka 1867 aliiomba, akaitia picha mpya zilizo bora, kisha akairudisha, kana kwamba mazungumzo yao hayakuwa na mlango wa kufungwa. Mwezi wa Aprili mwaka huo alikwenda Collingwood na vyombo vyake, akamwomba mzee aoshe nywele zake zisimame kama wingu, akampiga zile picha za uso wenye mikunjo ambazo leo ndizo sura ya Herschel katika vitabu vingi. Hata kwa jumuiya ya London hakukata mguu: vioo vyake vilipoanza kupasukapasuka utando, alipeleka shida hiyo kwao mwaka 1869, akataka rai, nao wakampa. Wahakiki wale wale waliomwandama walipoombwa msaada wa dawa walikuwa watu wema. Herschel alifariki 1871; Bi Cameron alihamia Ceylon mwaka 1875 na kufa huko 1879.

Baada ya hapo mambo yakawa mengi na mepesi. Mabamba makavu yaliyotengenezwa kiwandani yaliwaondolea watu kazi ya kupaka dawa kila mara, na mwaka 1888 George Eastman akauza kamera yake ya Kodak ikiwa imekwisha kutiwa filamu ya picha 100, ambayo ukiimaliza unairudisha kiwandani nzima nzima. Basi wapigapicha wa ridhaa, waliokuwa wachache kiasi cha kujuana kwa majina, wakawa malaki. Vyama vilizuka katika kila mji. Vya Marekani vilifanya utaratibu wa kupelekeana vipande vya picha za kioo, ambavyo kila chama kilivitupia mwanga ukutani jioni moja, wakavijadili gizani, kisha wakavipeleka mji mwingine. Magazeti nayo yakaanza mashindano, na hapo akatokea mtu mpya katika historia hii: mwamuzi anayehukumu picha za watu asiowajua.

Mmoja wao alikuwa Peter Henry Emerson, tabibu aliyeacha utabibu, mwenye kalamu kali kupita kiasi. Mwaka 1887 aliamua mashindano ya gazeti la Kiingereza la wapigapicha wa ridhaa, na kati ya kazi nyingi akachagua picha ya watoto wakicheka huko Bellagio, iliyopelekwa na kijana Mmarekani aliyekuwa akisoma Berlin, jina lake Alfred Stieglitz. Alimwambia kwamba hiyo ndiyo kazi pekee katika mashindano yale iliyotoka moyoni bila kupangwa. Maneno hayo machache yalimsukuma kijana maisha yake yote. Kwa upande mwingine, Emerson huyohuyo aliandika mwaka 1889 kitabu cha kuwafundisha watu jinsi picha inavyopasa kufuata jicho la asili, na kabla ya miaka miwili kutimia akachapa kijitabu chenye pambizo jeusi la msiba kutangaza kwamba mafundisho yake yamekufa. Wanafunzi wake waliachwa njia panda. Haya ndiyo madhara ya hukumu ya mbali: mwamuzi huweza kubadili rai usiku mmoja, na waliomtii hawana pa kumuuliza.

Stieglitz alirudi New York mwaka 1890. Alipopewa kuliongoza jarida la klabu ya kamera ya mji huo, lililotoka kuanzia 1897, alichapa picha alizoziona yeye kuwa zinafaa, na wanachama waliolipa ada zao kwa uaminifu wakaona kazi zao zikipitwa toleo baada ya toleo. Malalamiko yalikuwa makubwa, nami siwezi kuwalaumu. Mwaka 1902 aliliacha jarida, akaunda kundi lake, na mwaka uliofuata akaanza *Camera Work*, ambalo kwa uzuri wa uchapaji halijapata mfano; mwaka 1908 klabu ilimfukuza, kisha ikalazimika kumrudisha, naye akajiuzulu. Alikuwa mtu mgumu. Alipenda ukweli kuliko watu, na mara nyingi aliudhani ukweli ni rai yake.

Pamoja na hayo, nasaha bora kuliko zote katika habari hii aliitoa yeye. Katika vyumba vyake vidogo vya maonyesho kwenye nyumba namba 291 ya Fifth Avenue aliingia kijana Paul Strand, aliyepelekwa mara ya kwanza pamoja na wanafunzi wenziwe na mwalimu wao Lewis Hine, kisha akaendelea kurudi peke yake kwa miaka kadhaa na bahasha ya picha. Strand alikuwa amekwisha kupita kwa wapigapicha wengine wenye jina, watu wapole, ambao mmoja alipenda hasa picha ambayo mwingine hakuipenda, akatoka kwao bila kujua ashike lipi. Wakati huo alitumia lenzi ya ukungu, iliyokuwa ndiyo mtindo wa zama zile. Stieglitz alizitazama picha zake, akamwonyesha kwamba lenzi ile imevifanya vitu vyote kuwa vya udongo mmoja: majani yanafanana na maji, maji yana ngozi ya gome la mti, na kila kinachotofautisha kiumbe na kiumbe kimepotea. Akamshauri azibe lenzi ile, apunguze tundu lake kabisa, apige hivyo mpaka ajifunze kilichomo duniani.

Hakuna katika maneno hayo sifa wala shutuma. Hayamtaji hata Strand mwenyewe. Yanazungumzia majani, maji na gome, vitu ambavyo kila mmoja wa wale wawili angeweza kuvitazama juu ya karatasi na kukubali au kukanusha. Strand alikwenda akafanya hivyo, na mwaka 1915 akarudi na picha ambazo zilimfanya mzee yule mgumu amwambie kwamba mahali hapa ni pake pia. Zilionyeshwa ukutani mwaka 1916. Toleo la mwisho la *Camera Work*, la 1917, lilikuwa la Strand pekee, na ndani yake yumo mwanamke kipofu mwenye kibao shingoni. Wakati huo jarida lilikuwa limebakiwa na wanunuzi wasiofika 40.

Nihame sasa, nivuke bahari mpaka São Paulo, mji wa Brazili uliokuwa ukikua kwa kasi ya kutisha, ambako mwezi wa Aprili 1939 watu kadhaa walikusanyika katika jengo refu la Martinelli na kuunda klabu ya picha waliyoipa jina la Bandeirante. Walikuwa mawakili, wahasibu, wahandisi na wafanyabiashara. Eduardo Salvatore, wakili, alishika urais mwaka 1943, akaushika kwa miongo minne na zaidi, nami husita kuusifu urais wa namna hiyo mahali popote. Lakini katika klabu ile ulileta utulivu ambao vyama vya New York havikupata kuwa nao. Kila mwezi kulikuwa na mashindano ya ndani yenye mada iliyotangazwa mapema. Wanachama walipangwa kwa madaraja, mgeni akipimwa na wageni wenziwe, na picha zilizoletwa zilijadiliwa mbele ya wote, mwenye picha akiwapo. Mwamuzi wa leo alikuwa mshindani wa kesho. Taarifa ya klabu, iliyotoka kuanzia 1946, ilichapa picha pamoja na maoni, hata aliyekosa kuhudhuria akapata kusoma yaliyosemwa.

Ukali ulikuwepo. Geraldo de Barros, mfanyakazi wa benki, alipoanza kuyakwaruza mabamba yake kwa sindano, kuyachora kwa wino, na kupiga picha mara mbili tatu juu ya filamu ileile, wengine katika klabu waliona kwamba hiyo si kazi ya kamera tena, na walimwambia. Naye hakunyamaza. Akiwa na Thomaz Farkas, aliyezaliwa Budapest na ambaye jamaa zake walikuwa na duka la vyombo vya picha mjini hapo, alitengeneza chumba cha giza katika jumba la sanaa la São Paulo, na mwaka 1951 maonyesho yake yaliyoitwa *Fotoforma* yakafanywa humo. Wale waliompinga hawakubadilika wote. Wengine walibaki na picha zao za jua likichwea. Ila ukizilinganisha kazi za klabu za mwanzo wa miaka ya 1940 na za miaka kumi baadaye, utaona kwamba mistari ya majengo, vivuli vya ngazi na nyaya za umeme vimeingia hata katika kamera za wabishi.

Mwaka 1952 aliingia katika klabu hiyo Gertrudes Altschul, mwanamke aliyekimbia Ujerumani ya Hitler mwaka 1939, ambaye pamoja na mumewe alikuwa na karakana ya kutengeneza maua ya kupambia kofia za wanawake. Mtu aliyeshinda mchana kutwa akikata petali za kitambaa alikuwa na jicho lililokwisha kufunzwa, lakini ufundi wa chumba cha giza na lugha ya umbo alivipata katika vikao vile, mwezi kwa mwezi, mada kwa mada. Mwaka 1953 alipiga picha ya jani la mpapai, jani ambalo kila mtu wa nchi za joto hulipita uani bila kuligeuzia shingo: mishipa yake imetandaa myeupe juu ya giza, hata akaipa jina la *Filigrana*. Picha za klabu zilikuwa na desturi ya kusafiri, zikipelekwa katika maonyesho ya wapigapicha wa ridhaa ulimwenguni na kurudi na mihuri na vibandiko nyuma yake, basi mgongo wa picha ukawa unaeleza ni macho ya miji mingapi yaliyoipima. Altschul alifariki 1962. Mwaka 2021 jumba la sanaa ya kisasa la New York lilifanya maonyesho ya klabu ile ya São Paulo, na jani la mpapai likatundikwa humo karibu na kazi za mawakili na wahasibu waliokuwa wakizihakiki kazi zake na kuzileta zao akazihakiki yeye.